Kishikwambi Kwenye Tombola ya Kigango

Desemba inapokaribia, barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa magari ya Wachaga wanaokwenda, kama watani wao wanavyosema, kuhesabiwa. Kwa majuma mawili au matatu Marangu, Kibosho, Machame na Rombo hupata watu na fedha kwa wakati mmoja, na kamati yenye paa la kuezeka, zahanati ya kumalizia au ada za yatima inajua kwamba ikiikosa Desemba imeukosa mwaka. Harambee na mnada baada ya ibada ni mambo tuliyoyazoea. Ikiwa kamati yako inafikiria kuongeza tombola ya kadi, ule mchezo ambao wenzetu wa ng'ambo huuita bingo, haitapita mikutano miwili kabla kijana mmoja mjuzi wa kompyuta hajapendekeza ufanywe wa kisasa: namba zichaguliwe na programu, wachezaji wapewe vishikwambi, na pembeni ziwekwe mashine mbili tatu za sarafu za kuongeza kipato. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kumjibu, maana si kila anachopendekeza ni kibaya, na yale mabaya hayafanani ubaya.

Jibu langu ni hili: kifaa kinachowasaidia watu kuona, kusikia au kukumbuka kinachotokea mbele yao kikaribishwe, kifaa kinachoamua nani ashinde, au kinachoufungia uamuzi huo ndani ya kasha, kisivuke geti. Mlimani hatuhitaji kwenda mbali kutafuta kielelezo. Mkulima anayefikisha gunia la kahawa kwenye chama chake cha msingi, kiwe bado chini ya chama kikuu cha ushirika, KNCU ya tangu 1933, au kiwe kinajiuzia chenyewe, hapangi bei; bei hutoka mnadani na katika masoko ya mbali. Lakini kilo ni zake, na kwenye kilo ndipo anaposimama kidete: mizani iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, iwe na stika, na yeye awepo inaposomwa. Hakuna anayeikataa mizani ya kidijitali kwa sababu ni ya kidijitali. Inayokataliwa ni ile inayopima nyuma ya pazia. Tombola ya hisani nayo ni mizani, tofauti ni kwamba inapima bahati.

Tazama mchezo wenyewe ulivyo kabla haujaguswa na umeme. Katika aina inayochezwa sana Marekani, kuna mipira 75 yenye namba, na kila kadi ina safu tano za miraba mitano. Katikati kuna mraba wa bure, kwa hiyo mchezaji anabaki na namba 24. Waingereza hutumia mipira 90 na kadi yenye namba 15. Msomaji anachopoa mpira mmoja, anautaja, kila mtu anatafuta kwenye kadi yake na kupiga alama, na wa kwanza kukamilisha mstari hupaza sauti. Ni mchezo wa kitoto kwa urahisi wake, na ndiyo nguvu yake: kila aliyeketi anaweza kuukagua mchezo wote kwa macho na masikio yake, bila kusomea chochote. Watu 80 waliokaa kwenye viti vya plastiki chini ya migomba ni wakaguzi 80. Kamati haina mkaguzi mwingine wa karibu zaidi ya hao, na swali la kuuliza juu ya kila kifaa ni kama kinawaongezea wakaguzi hao uwezo au kinawafuta kazi.

Yupo pia mkaguzi wa mbali, na yeye ndiye wa kuanza naye. Tanzania Bara michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Sura ya 41, na msimamizi wake ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Kuendesha mchezo huo bila kibali ni kosa, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Usijidanganye kwamba neno hisani, au jina la mtakatifu lililoandikwa kwenye bango, linakuondolea wajibu huo. Andika barua mapema, miezi kadhaa kabla ya Desemba, ukieleza mchezo ni wa namna gani, kadi ngapi, bei gani, zawadi zipi, fedha zinakwenda wapi, na halafu, jambo ambalo kamati nyingi hulisahau, taja kila kifaa cha umeme kitakachokuwepo na kazi yake. Uliza na TRA kuhusu kodi ya michezo na ya zawadi. Omba majibu ya maandishi. Simu ya "nendeni tu, haina shida" haitakutetea siku mtu atakapolalamika.

Sasa vifaa. Kipaza sauti, projekta na skrini kubwa havina mjadala mrefu. Mzee asiyesikia vizuri anaiona namba ukutani, mama aliyekaa mwisho karibu na jiko la mtori hapitwi na kitu, na tofauti ya "kumi na sita" na "kumi na saba" kwenye spika inayokoroma inaamuliwa kwa jicho. Sharti ni moja: skrini iufuate mpira, isiutangulie. Mpira utoke, uonyeshwe, usomwe, uwekwe kwenye ubao wa mashimo 75, ndipo anayeshika kompyuta mpakato abonyeze. Zikitofautiana, mpira ndio unaosema kweli. Na umeme ukikatika, kama unavyopenda kukatika sherehe inaponoga, mchezo uendelee kwa sauti na ubao bila hata kusimama. Hicho ni kipimo kizuri kwa kifaa chochote: zima umeme. Mchezo ukiendelea, kifaa kilikuwa msaidizi. Ukifa, kifaa ndicho kilichokuwa mchezo.

Programu ya kuchagua namba huanguka kwenye kipimo hicho, na hapa sina budi kukaa kidogo, kwa sababu ndiyo inayovutia kuliko zote. Ni ya bure, inaonekana safi, haina mipira ya kununua. Mtetezi wake atakuambia kwamba kompyuta haina ndugu kijijini, kwa hiyo haipendelei mtu. Ni kweli kompyuta haina ndugu. Aliyeiandikia programu anao. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Eddie Tipton, aliyekuwa mkuu wa usalama wa mifumo ya kompyuta katika chama kinachoendesha bahati nasibu za majimbo mengi ya Marekani. Alipenyeza maagizo machache ndani ya programu ya kuchagua namba, ili katika siku fulani za mwaka namba ziweze kukisiwa. Tiketi ya Hot Lotto ya dola milioni 16.5, iliyonunuliwa Iowa mwezi Desemba 2010, ndiyo iliyomfichua, na si kwa sababu mtu aliona hitilafu kwenye droo. Ilikuwa kwa sababu mwenye tiketi hakutaka kujitaja, na picha za kamera ya duka zikamtambulisha mnunuzi. Alikiri makosa mwaka 2017. Kumbuka kwamba programu hiyo ilikuwa imekaguliwa na wataalamu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Kamati ya kigango cha Uru au Mwika itamlipa nani aisome programu iliyopakuliwa jana usiku?

Utajibiwa kwamba hata mipira huchezewa, na jibu hilo ni la haki. Aprili 1980, katika bahati nasibu ya Pennsylvania iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni, watu walidunga rangi ndani ya mipira ili iwe mizito, wakaacha ya namba nne na sita tu ikiwa miepesi, na namba iliyotoka ikawa 666. Linganisha basi visa viwili. Wa Pennsylvania walihitaji genge: mtangazaji, mtu wa mitambo, mtu wa kupata mipira, ndugu wa kununua tiketi. Namba za ajabu zilionekana na jimbo zima, watu walioona dau limelundikana kwenye namba chache wakaanza kunong'ona, na njama ikavunjika mwaka uleule. Wa Iowa alikuwa mmoja mbele ya kibodi, na kazi yake ilidumu miaka kadhaa. Wizi wa mipira unaacha mipira. Unaweza kuipima kwenye mizani ya duka, ukaipasua, ukamwonyesha mtendaji wa kata. Wizi wa programu unaacha mstari wa maandishi ambao mwandishi anaweza kuufuta kabla chai haijapoa. Sidai kwamba karatasi na plastiki ni vitakatifu. Ninachodai ni kwamba mwizi wake analazimika kufanya kazi mbele ya watu wengi zaidi.

Kishikwambi kiko katikati, na ndicho kinachohitaji masharti kuliko kukatazwa. Watanzania tunakijua tangu Sensa ya Agosti 2022, na vingi vya vile vilivyotumika vilikwenda baadaye mikononi mwa walimu, kwa hiyo si jambo la ajabu kukuta kimoja hata Tarakea. Kikitumika kwenye tombola, kazi yake huwa kutunza kadi za mchezaji: namba ikitajwa, kifaa kinaitafuta kwenye kadi zake zote na kumjulisha akikaribia kushinda. Jimbo la California, ambako wapiga kura waliruhusu bingo ya hisani mwaka 1976, liliwahi kujaa mashine zilizojiita bingo, na mwaka 2008 likatunga sheria ya kuziondoa huku likiacha nafasi ndogo kwa vifaa vya kutunzia kadi. Nafasi hiyo imezungushiwa uzio unaofaa kuigwa. Kifaa kinashikwa mkononi na kinahifadhi sura za kadi halisi ambazo mchezaji amezinunua, si kadi zilizozaliwa ndani yake. Namba anaingiza mchezaji mwenyewe baada ya msomaji aliye hai kuitaja. Kifaa kinalinganisha, kinamwambia mwenyewe kama mstari umetimia, basi. Hakimezi sarafu wala noti, wala hakitoi malipo.

Mimi ningeongeza sharti la tano kwa ajili ya mazingira yetu, nalo ni ukomo wa kadi. Chukua hesabu rahisi. Watu 60 wamenunua kadi mojamoja kwa shilingi 2,000, na zawadi ni mbuzi. Kila mmoja ana nafasi moja kati ya 60. Sasa anaingia mgeni kutoka mjini mwenye kishikwambi, ananunua kadi 30. Kadi sasa ni 90, na yeye peke yake ana theluthi nzima ya bahati ya kiwanja. Mhazini atafurahi, kwani 60,000 zimeingia kwa mkupuo, na atasema mtu amelipia haki yake. Kwa mzunguko mmoja hesabu yake ni sahihi. Kwa mizunguko kumi si sahihi, maana akina mama waliokuja na shilingi 6,000 kila mmoja wakishaona mbuzi wa kwanza, wa pili na wa nne wamepanda gari lilelile, watanyanyuka kwenda kunywa chai, na mwakani hawatakuja. Bila kifaa, mgeni asingeweza kufuatilia kadi 30. Macho yake yangemwekea ukomo. Kwa kuwa kifaa kimeuondoa ukomo wa maumbile, kamati iurudishe kwa kanuni: kadi nne au sita kwa mtu, mwenye kishikwambi na asiye nacho sawasawa. Kwa mtu asiyeona au ambaye vidole vyake vimekakamaa, kifaa ni haki na kiruhusiwe bila kuombwa samahani, ingawa mara nyingi mjukuu aliyefikisha miaka 18 akiketi kando yake atafanya kazi hiyo vizuri zaidi na kwa maneno mengi zaidi.

Mashine za sarafu ndizo za kukataa moja kwa moja. Mtaani huitwa dubwi, na mwenye nazo atakuja kwako na maneno matamu: zinaweza kubadilishwa skrini zikaonyesha kadi ya bingo, kwa hiyo ni tombola tu iliyo ndani ya kabati. Hoja hiyo ilishafikishwa mahakamani. Katika mji mdogo wa White Hall, Alabama, taasisi ya hisani iliendesha ukumbi wa mashine za namna hiyo kwa jina la bingo, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaulizwa bingo ni nini hasa. Ikataja sifa sita: kadi zenye miraba, namba zinazochaguliwa kwa bahati na kutangazwa moja baada ya nyingine, mchezaji anayelazimika kusikiliza, uwezekano wa kukosa ushindi kwa kutokuwa makini, kuutambua na kuutangaza ushindi mwenyewe kabla ya wengine, na kundi la watu wanaoshindana kwa pamoja. Sheria ya Alabama haifiki Himo, lakini orodha ile ni zana nzuri mkononi mwa mwenyekiti wa kamati. Mweke mwenye mashine mbele ya sifa hizo. Kwenye dubwi hakuna wa kusikiliza, hakuna wa kuchelewa, hakuna jirani wa kushindana naye. Unabonyeza, kabati linaamua.

Pima na mwendo wake. Namba ikitajwa kila sekunde kumi, na mzunguko ukaisha baada ya namba 45, mchezo mmoja wa kadi ya 2,000 umechukua dakika saba na nusu. Katika muda huohuo mtu anayebonyeza mashine kila sekunde tano kwa sarafu ya shilingi 200 amecheza mara 90 na kuzungusha shilingi 18,000, peke yake, akiwa amewapa wenzake mgongo. Mwenye pupa ya mapato atasema ndiyo maana inafaa. Lakini fedha hiyo ni ya nani? Kwenye kadi, kila mchezaji anajua kabla hajaketi kikomo cha atakachopoteza, na kamati inajua kikomo cha itakachotoa, yaani mbuzi mmoja. Kwenye mashine hakuna kikomo upande wa mchezaji, na mgawo wa faida una mshirika mwingine, mwenye mashine, ambaye hakuja kuezeka paa. Mwaka 2013 huko Florida polisi walivamia kumbi za mashine zilizokuwa zikiendeshwa kwa jina la Allied Veterans of the World, taasisi iliyosema inawasaidia askari wastaafu. Kesi za washitakiwa ziliishia njia tofauti, na hukumu ya wakili wao mmoja ilitenguliwa baadaye. Lakini hesabu iliyotolewa na wachunguzi, kwamba kati ya dola zipatazo milioni 300 takriban asilimia mbili tu ndizo zilizofika kwenye hisani, ilitosha kulifanya bunge la jimbo kupiga marufuku mashine hizo ndani ya wiki chache. Kwa sababu hiyo, hata projekta usiikodi kwa asilimia ya mapato. Kodi kwa bei ya siku, risiti mkononi. Anayelipwa kwa asilimia hupata hamu ya kuamua mambo.

Mwendo wa polepole, isitoshe, ni mali. Kati ya mzunguko na mzunguko watu hula nyama choma, hununua mkungu wa ndizi mnadani, huulizana habari za waliobaki Dar. (Kama mtauza na mbege, hilo ni la kwenu na paroko.) Tombola inayokimbia huua mauzo ya jiko, na jiko mara nyingi ndilo linalolipa saruji.

Kuna ndugu walio mbali watakaolalamika. Mtu yuko Mwanza au Texas, hakupata likizo, anataka kadi yake ichezwe kupitia kundi la WhatsApp. Moyo wake ni mwema, lakini ukimkubalia umebadilisha mchezo: humjui aliyeshika ile simu ana umri gani, naye hauoni mpira isipokuwa kwa picha inayokatikakatika, na mchezo unaochezwa kwa mtandao ni habari nyingine kabisa mbele ya Bodi. Mpe nafasi ya mfadhili. Anunue yeye yule mbuzi, jina lake lisomwe kwenye kipaza sauti, na mama yake alisikie akiwa kiwanjani.

Pingamizi zito zaidi halihusu vifaa. Wapo wanaosema kamari ni kamari, iwe ya mipira au ya kompyuta, na kwamba mtaa uliokwishakula hasara ya mikeka ya kubeti hauhitaji kanisa liongeze yake. Waislamu wa Moshi watakukumbusha kwamba Kurani imeikataza wazi, na hapo hakuna kadi ndogo wala kubwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika ibara ya 2413, haiuhesabu mchezo wa bahati wenyewe kuwa kinyume cha haki, ila unapomnyima mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea. Sioni njia ya kulimaliza pingamizi hili, wala si kazi ya mwongozo kulimaliza. Lakini inawezekana kulipatia heshima yake. Jengo likiwa la wote, kama shule ya kata au zahanati ya kijiji, msitumie tombola: fanyeni mnada, ambapo mtu anaondoka na kitu alichokilipia. Tombola ibaki kwa jumuiya iliyokubaliana nayo kikaoni, kwa kadi ya bei ndogo. Na ona jinsi pingamizi lenyewe linavyoelekeza kidole kwenye vifaa: kinachomfanya mtu acheze fedha ya ada ni kasi, upweke na kukosa kikomo, na vyote vitatu huingia kupitia kabati la umeme.

Siku yenyewe ikifika, panga hivi. Asubuhi, kabla ya kadi ya kwanza kuuzwa, watu wawili wasio wa kamati, ikiwezekana mmoja kutoka kitongoji kingine, wahesabu mipira 75 kwa sauti na kuimimina kwenye chombo kinachoangaza, hata kama ni ndoo ya plastiki. Atakayetaka kuishika aishike. Kadi ziwe na namba za mfululizo, zilizouzwa ziandikwe, na zisizouzwa zikatwe pembe na kurudishwa, ili jumla ya kadi izae jumla ya fedha bila maelezo marefu. Malipo ya simu yaingie kwenye lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, kamwe si kwenye namba ya mhazini hata angekuwa mwaminifu kama jua. Msomaji wa namba asiwe na kadi, wala mkewe, wala anayeshika kompyuta. Awepo karani wa kuandika kila namba kwenye karatasi kwa kalamu ya wino, maana ubao unaweza kupigwa kumbo na mtoto. Mtu akipaza sauti kwamba ameshinda, kila kitu kisimame. Kadi yake ya karatasi isomwe namba kwa namba mbele ya watu na kulinganishwa na ubao. Kishikwambi kikisema ameshinda na kadi ikakataa, kadi ndiyo inayosikilizwa. Wakishinda wawili kwa pamoja, kanuni ya kugawana iwe ilisomwa asubuhi, kwa sababu kanuni inayotungwa mbuzi akiwa tayari amefungwa kamba mbele ya wawili haijawahi kumridhisha mtu.

Usikusanye namba za simu za wachezaji ila kama kuna sababu, kwa mfano zawadi itakayofuatwa kesho. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ikifanya kazi, nayo inataka taarifa zichukuliwe kwa lengo lililotajwa na zisitumike kwa jingine. Orodha ya watu 80 wa Marangu wanaopenda michezo ya bahati ni bidhaa, na wako watakaoitaka kwa bei nzuri, wakiwemo wale wanaotuma ujumbe wa kubeti usiku wa manane.

Jumapili inayofuata bandika kwenye mbao za matangazo karatasi moja: kadi zilizouzwa, fedha iliyoingia, zawadi, kodi ya projekta, kilichobaki na kimekwenda wapi. Bandika na nakala ya karatasi ya karani yenye namba zilizotoka. Kisha, mbele ya katibu na wale wawili wa asubuhi ile, futeni namba za simu kutoka kwenye kompyuta iliyoazimwa kabla haijarudi kwa mwenyewe, hesabuni mipira upya, na ikitimia 75 iingie kwenye mfuko, ifungwe, watie saini juu ya gundi.